Ilungu Dogo la Bustani: Namna ya Kulifinyanga, Kulikausha na Kulichoma

Pambo la bustani linalomfaa mkazi wa Katandala, mjini Sumbawanga, kuliko yote lipo tayari kwenye nyanda za Ufipa, ila lina kimo cha mita tatu hivi na halibebeki. Ni ilungu, ng'anjo ya udongo ambayo wazee wa Kifipa waliyeyushia chuma. Chini ni pana, kisha linapungua taratibu kwenda juu hadi kwenye mdomo ulio wazi, na kitako chake kimezungukwa na matundu ambamo mirija ya udongo ilipenyezwa ili hewa iingie. Halikuhitaji mivukuto. Moto ukishakolea ndani ya kimo kile, hewa ya moto hutokea juu na hewa baridi hujivuta yenyewe kupitia matunduni. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye ng'anjo ndogo yenye mivukuto, ndipo wahunzi wakafua majembe na mashoka. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, chuma cha viwandani kilipojaa madukani, lakini yapo malungu ambayo bado yamesimama mashambani, mengine yakiwa yameliwa na mvua hadi kiunoni.

Ninachokuelekeza hapa ni kufinyanga ilungu dogo, la kimo cha sentimita 45 likiwa tayari, la kuweka katikati ya maua au kando ya tuta la mboga. Zipo sababu za kumbukumbu za kuchagua umbo hili, na nitazigusa. Sababu za ufundi zinatangulia. Anayeanza ufinyanzi hupenda kutengeneza kuku, simba au kichwa cha mtu, na vitu hivyo vina matumbo yaliyoziba na sehemu nene zinazokauka kwa mwendo tofauti. Ndivyo vinavyopasuka motoni. Ilungu liko wazi juu na chini, kwa hiyo unyevu una pa kutokea. Halina kitako cha kuziba, na kitako ndicho sehemu ya chombo inayopata nyufa mara nyingi zaidi wakati wa kukauka. Kuta zake zinaegemea ndani kidogo, hivyo zinajibeba zenyewe zikiwa bado mbichi. Tena halituamishi maji, na katika nchi yenye malaria pambo lisiloweza kufuga viluwiluwi vya mbu lina heshima yake. Usiku ukitaka, unaweka taa ndogo ya sola ndani, mwanga unatokea kwenye matundu yaleyale yaliyokuwa ya hewa.

Anza na kalenda. Mvua za Ufipa hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati mwingine zinagusa Mei. Chimba udongo zinapoisha, wakati ardhi bado ni laini. Finyanga Juni au Julai. Choma Agosti au Septemba, kabla anga halijaanza kufunga tena. Ukichelewa hadi Oktoba utakuwa unashindana na mawingu, na tanuri la wazi halistahimili hata manyunyu.

Sasa udongo, ambao ndio nusu ya kazi nzima. Usihangaike kuutafuta peke yako wakati wapo watu ambao wameshautafuta. Sumbawanga ni mji wa matofali ya kuchoma. Ukitembea pembezoni mwake miezi ya kiangazi utaona mafundi wanafyatua, wanapanga na kuchoma. Waulize wanachimba wapi. Udongo wa tofali kwa kawaida ni wa chengachenga na una mchanga mwingi kuliko unaotakiwa kwa ufinyanzi, lakini mafundi hao wanajua pia mahali ambapo udongo "unanata mno", ule wanaoukimbia kwa sababu unapasua matofali yao. Huo ndio unaoutaka wewe. Mara nyingi uko mabondeni, chini ya tabaka la juu lenye mizizi, na rangi yake ni ya kijivu au njano hafifu. Chimba mpaka upite mizizi, nusu mita au zaidi. Udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, uache. Unavimba sana ukiloa na kunywea sana ukikauka, na hakuna fundi wa kuutuliza.

Udongo wa kichuguu unasaidia. Mchwa hupandisha punje laini kutoka chini na kuzigandamiza, kwa hiyo kichuguu kilichovunjwa kinatoa udongo mzuri wa kuchanganya, hasa kama ule wa bondeni unateleza mno mikononi. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na usibomoe kichuguu chote.

Kabla hujabeba ndoo nyumbani, fanya majaribio matatu. La kwanza linafanyikia hapohapo: loanisha donge, likande, lisokote liwe kamba nene kama kidole kidogo, kisha lizungushie kidoleni. Likijikunja bila kupasuka, unanata vya kutosha. Likikatika vipandevipande, tafuta kwingine. La pili linahitaji limau au siki. Dondoshea kwenye donge kavu. Ukiona povu, udongo huo una chokaa, na chokaa ni adui anayejificha: kokoto yake ikichomwa hugeuka chokaa mbichi, halafu wiki kadhaa baadaye, pambo likiwa limeshakaa bustanini, hunyonya unyevu, huvimba na kubandua uso wa kazi yako. La tatu ni la kunywea. Tengeneza kipande bapa, kichore mstari wenye urefu wa sentimita 10 kamili, kikaushe kivulini, kisha pima mstari ule tena. Ukiwa na sentimita 9.2, udongo umenywea kwa asilimia 8, na hiyo inafaa. Ukipita asilimia 10, utahitaji chenga nyingi zaidi. Kipimo hiki pia kinakwambia ufinyange kwa kimo gani: kwa udongo wa asilimia 8, ilungu la sentimita 45 lianze likiwa na sentimita 49.

Udongo unaotosha ni nusu ya ndoo kubwa ya lita 20, na utabakiza wa kurekebishia.

Nyumbani, usiuloweke ukiwa na unyevu wake wa shambani. Uanike ukauke kabisa, uponde, ndipo uutie majini. Udongo mkavu hunyonya maji kwa pupa na kusambaratika wenyewe, wakati ule wenye unyevu hubaki na madonge siku nzima. Koroga, chuja kwenye wavu ili mizizi na kokoto zibaki, acha utuame, mwaga maji ya juu, kisha mimina uji huo kwenye salfeti safi uliyoitandika juani. Ukishika kiasi cha kukandika bila kunata viganjani, ukusanye.

Hapo ndipo unapoingiza chenga. Twanga vigae vya vyungu vilivyovunjika au vipande vya tofali lililoiva vizuri, chekecha, na uchukue zile ndogo kuliko punje za ulezi. Kwa kila vipimo vitatu vya udongo weka kimoja cha chenga. Chenga hizi zilishapita motoni, kwa hiyo hazinywei tena. Zinashikilia udongo usijivute kupita kiasi, na zinafungua vijia vya mvuke kutokea. Mfinyanzi anayechoma kwenye moto wa wazi bila chenga anajitafutia hasara. Mchanga wa mtoni unaweza kuchukua nafasi yake, lakini vigae ni bora, kwa sababu punje za mchanga mweupe hutanuka ghafla joto linapokaribia nyuzi 573 na kuchangia nyufa.

Nisisitize jambo moja kuhusu vigae. Ukipita shambani ukakuta ilungu la zamani limeanguka, na mabonge ya taka ya chuma na vipande vya mirija vimetapakaa, usiokote hata kimoja cha kutwanga. Mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hata kama isingekuwepo sheria, kipande kile ni ushahidi. Mtafiti anasoma ndani yake joto lililofikiwa, aina ya madini na ukubwa wa mrija. Ukikisaga kiwe chenga, kisomo hicho kimekwisha. Vigae vya kuponda havikosekani jikoni wala kwenye viwanja vya ujenzi.

Kanda mchanganyiko kwa nguvu ukiubamiza kwenye ubao, ukate katikati kwa waya, utazame kama kuna vijitundu vya hewa, ubamize tena. Kisha ufunge kwenye nailoni uupumzishe wiki moja au mbili. Udongo uliolala hunyumbulika kuliko ule uliokandwa leo.

Kufinyanga kwenyewe kunahitaji mikono, ubao, kisu kisicho na makali sana, kipande cha kibuyu au kijiko cha kulainishia, na kitambaa chenye unyevu. Gurudumu la mfinyanzi halihitajiki. Akina mama wa Kikisi kule Ikombe, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa, wamefinyanga vyungu bila gurudumu vizazi na vizazi na kuvipeleka kuuzwa soko la Matema. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake zimo kwenye makumbusho makubwa ya dunia, naye hujenga vyombo vyake kwa mkono. Sehemu ya ujuzi huo aliipata Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja alikofundisha Ladi Kwali. Mkono unatosha. Unachohitaji kuongeza ni subira kati ya kamba moja na nyingine.

Tandaza majivu makavu juu ya ubao ili kazi iweze kuteleza inapojivuta. Chora duara la sentimita 28. Sokota kamba za udongo zenye unene wa kidole gumba, na ulaze ya kwanza juu ya mstari. Ncha zake usizikutanishe kwa kugusanisha tu. Zikate mshazari, zikwaruze, zipake uji mzito wa udongo uleule, ndipo uzibane. Juu ya kila kamba fanya vivyo hivyo: kwaruza, paka uji, laza nyingine, kisha kwa kidole gumba vuta udongo wa kamba ya juu ushuke kwenye ya chini, ndani na nje, mpaka mstari wa maungio usionekane. Upande wa ndani ndio watu wanaouharakisha kwa kuwa hauonekani, na moto huanza kufungua huko huko. Unene wa ukuta uwe sentimita moja na nusu, na uwe uleule kila mahali.

Ukifika kamba ya nne, simama. Funika ukingo wa juu kwa kitambaa chenye unyevu ili usikauke, na uache sehemu ya chini ishike nguvu kwa saa mbili tatu. Ukiendelea kwa haraka ukuta utatuna pembeni kwa uzito wake. Kisha endelea, kila duru ikiwa finyu kidogo kuliko iliyotangulia, mpaka mdomo wa juu ubaki na upana wa sentimita 15. Usilazimishe mstari ulionyooka kama bomba la kiwandani. Malungu ya kweli yana tumbo kidogo na yanainama huku na huku, na ilungu dogo lililonyooka kupita kiasi linapoteza sura.

Matundu hayakatwi udongo ukiwa laini. Subiri ukuta ufikie hali ambayo kidole hakiachi alama lakini kisu kinapita bila kubomoa. Kata mlango mmoja wenye kimo cha sentimita 9, juu uwe na upinde, kisha matundu madogo sita au saba kuzunguka kitako, kila moja likiwa na kimo cha sentimita 4. Kona kali huanzisha ufa, kwa hiyo kila kona iviringe, na kingo zote zipitishie kitambaa chenye maji. Kati ya tundu na tundu acha angalau upana wa vidole vitatu. Kitako ndicho kinachobeba uzito wote. Kama ungependa mirija, finyanga vijirija vifupi na uviunganishe sasa hivi, wakati unyevu wake na wa ukuta unalingana. Kuunganisha kitu kibichi kwenye ukuta uliokauka ni kupoteza udongo.

Mapambo yana hazina yake yenyewe. Huhitaji kuazima mchoro wa mbali. Maporomoko ya Kalambo, yenye kimo kinachozidi mita 200, yako kwenye mpaka wa nchi yetu na Zambia. Upande wa pili wa mpaka huo, mwanaakiolojia J. Desmond Clark alichimba kuanzia miaka ya 1950 na kupata, pamoja na zana za mawe za kale mno, vyungu vya wakulima wa kwanza wa enzi ya chuma. Vyungu hivyo vina zaidi ya miaka 1,000, na vimechorwa mifereji sambamba inayozunguka shingo na mistari ya mshazari iliyokatana. Chukua ncha ya kijiti, chora mifereji mitatu chini ya mdomo wa ilungu lako na mistari ya mshazari katikati. Usichimbe zaidi ya milimita tatu. Kamba ya katani iliyoviringishwa juu ya udongo ulioshika kiasi nayo inaacha alama nzuri sana.

Kwa ilungu, kupambwa ni jambo la asili. Katika mila za uhunzi za Kifipa ng'anjo mpya ilichukuliwa kama bibi harusi, ikapambwa na kuandaliwa kwa heshima hiyo kabla ya kuwashwa. Kwa hiyo usione aibu kulipaka rangi ya udongo mwekundu uliochujwa ukawa laini, au kulisugua uso wake kwa kokoto ya mtoni iliyo laini mpaka uanze kung'aa. Kusugua huko kunazibana punje za juu, na mvua itapenya kwa shida zaidi. Sugua udongo ukiwa nusu mkavu, kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza.

Kinachofuata ni kukausha, na hapa ndipo ninapoomba utulivu wako wote, maana kazi nyingi za Ufipa hufia hatua hii na lawama hutupiwa moto. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800. Miezi ya kipupwe usiku ni wa baridi, mchana jua ni kali, na upepo mkavu unavuma tangu asubuhi. Ukiweka kazi barazani, upande unaopigwa na upepo unakauka na kunywea huku ule mwingine bado una maji, na kati yao unapita ufa. Weka ilungu chumbani, mbali na dirisha. Siku tatu nne za mwanzo lifunike lote kwa nailoni. Kisha fungua kitako kwanza na uache mdomo wa juu umefunikwa, kwa sababu juu hukauka upesi kuliko chini. Baadaye litoe nailoni, lifunike kwa gunia, na kila siku ligeuze. Likishakuwa gumu kiasi cha kunyanyulika, lipandishe juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini.

Lipe wiki tatu. Namna mbili za kuhakikisha: ligusishe shavuni, likiwa bado baridi kuliko chumba lina maji, au lipeleke kwenye mzani wa dukani, andika uzito, rudi baada ya siku mbili. Uzito ukiacha kushuka, maji ya kawaida yamekwisha. Kipimo cha mzani hakidanganyi, na wenye maduka hawakatai kukupimia.

Kuna njia mbili za kuchoma, na ninapendekeza ya kwanza kwa nguvu zote. Mtafute fundi anayepanga tanuri la matofali, mlipe kidogo, akuwekee ilungu lako ndani. Tanuri lile linapasha joto polepole kwa siku kadhaa na kupoa polepole, jambo ambalo moto wako wa uani hauwezi kulifanya, na kuni za ziada hazihitajiki. Mahali ndipo pa kujadiliana naye. Karibu na midomo ya moto kazi inaweza kuinama au kuyeyuka uso. Kwenye matofali ya nje haitaiva. Omba katikati, juu kidogo ya usawa wa midomo, lisimame kwenye kijichumba cha matofali bila kubebeshwa uzito wowote.

Njia ya pili ni moto wa wazi, na hii inataka uwanja ulio mbali na nyumba, nyasi na upepo. Katika mitaa iliyobanana ya Katandala usijaribu. Nenda shambani, mweleze jirani, kuwe na ndoo za maji na mchanga pembeni. Chimba shimo la kina cha goti, uchome moto mdogo humo kwanza likauke. Nishati nzuri ni samadi kavu ya ng'ombe na magunzi ya mahindi. Zote zinapatikana tele Ufipa, zinawaka taratibu, na zinaiachia misitu ya Mbizi miti yake. Kuni nene zinatoa joto la ghafla.

Kabla ya yote pasha kazi. Kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na tone lililojificha ndani ya ukuta likigeuka mvuke kwa ghafla hulipua kipande. Sogeza ilungu kando ya moto mdogo, mita moja hivi, uligeuze kila baada ya robo saa kwa muda wa saa mbili au tatu, ukilisogeza karibu kidogo kidogo mpaka liwe la moto kiasi cha kutoshikika. Ndipo uliweke shimoni juu ya vipande vitatu vya tofali, lizungushie samadi, jaza magunzi machache ndani, funika juu kwa samadi zaidi na vigae vikubwa vya vyungu vilivyovunjika. Washa kwa juu, moto ushuke wenyewe.

Kati ya nyuzi 450 na 600 udongo unaachia maji yaliyofungamana na madini yake, na kuanzia hapo haurudi tena kuwa tope. Huna kipimajoto, lakini una macho: ikianza kuonekana nyekundu iliyofifia kupitia kwenye mianya, umefika huko, ikiwa nyekundu ya kung'aa, unaelekea nyuzi 800, na kwa pambo hili hapo panatosha. Ongeza magunzi kuidumisha hali hiyo saa moja. Kisha acha. Usifukue, usimwage maji, usichungulie kwa kuondoa vigae, hata kama jua limezama. Fukua kesho yake asubuhi majivu yakiwa ya baridi, na majivu hayo yamwage kwenye matuta ya mboga.

Madoa meusi yatakuwepo, pale ambapo moshi ulikosa hewa. Ni uzuri wa moto wa wazi, yaache. Ligonge kwa kifundo cha kidole: likilia kwa sauti kali limeiva, likitoa sauti butu ama lina ufa ama halijaiva. Lisiloiva linaweza kuchomwa tena baada ya kukaushwa vizuri. Lenye ufa mdogo linatumika bila tatizo.

Bustanini usiliketishe kwenye tope. Udongo uliochomwa kwa joto hili una vitundu na hunyonya maji, kwa hiyo lipandishe juu ya kokoto au matofali matatu ili masika yasililoweshe kitako mfululizo. Chagua mahali ambapo jembe halipiti na mbuzi hawakatizi. Mchaichai, rozimari na waridi vinakaa nalo vizuri. Mimea inayotambaa itaziba matundu ndani ya mwaka mmoja tu. Vyura wa bustani watahamia ndani, waache, wanakula wadudu wako. Rangi ya mafuta usiipake kamwe: inafungia unyevu ndani ya ukuta na baada ya masika moja inabanduka pamoja na ngozi ya udongo. Mvua kubwa zikianza na ukaliona linabaki limeloa siku nzima, lihamishie kibarazani hadi Mei.

Na siku utakapolikuta ilungu la kweli, kule Nkasi au kwenye njia ya shambani kwa shemeji yako, lipime kwa hatua, hesabu matundu yake, lipige picha kila upande pamoja na mlango wake. Mwonyeshe mwenyekiti wa kijiji ajue lipo, muulize mzee wa jirani nani alilijenga, uandike anachokwambia. Kisha uliache lilivyo.